Ni Nani Anayemjua Mwanao Huko Chuoni?

Leo nataka kuzungumza na wazazi wenye watoto wanaokwenda chuo kikuu, na vijana wenyewe. Nataka kuzungumza na sisi wachungaji pia, maana katika jambo hili mimi ndimi wa kwanza kuungama.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa parishi yetu alipata barua ya kuitwa chuo kikuu. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao. Tulifanya harambee baada ya ibada. Mmoja akaleta kuku wawili, mwingine debe la mahindi, mwingine mkungu wa ndizi, tukavinadi pale pale nje ya kanisa mpaka tukapata nauli, karo ya kuanzia na pesa za godoro. Jumapili ya kumuaga nilimwita mbele, nikamwekea mikono, kisha nikampa mawaidha. Nayakumbuka vizuri maneno yangu. Nilimwambia, "Mwanangu, wewe unakwenda kusoma. Usijiunge na kikundi chochote. Usiingie katika mambo ya vyama. Darasani, chumbani, kanisani, basi." Mama yake aliitikia "Amina" kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.

Kijana alitii. Hilo ndilo lililotuumiza.

Muhula wa kwanza ulipita salama. Katika muhula wa pili mkopo wake wa serikali ulichelewa, na hakujua kwamba kila mwanafunzi hupaswa kujiandikisha upya kwa kila somo katika mtandao wa chuo kabla ya tarehe fulani. Siku ya mtihani jina lake halikuwamo katika orodha. Msimamizi akamtoa nje. Kijana alisimama pale mlangoni na kalamu yake mkononi, na katika maelfu ya watu waliokuwa wakipita hakumjua hata mmoja wa kumwuliza, "Ndugu, nifanye nini?" Akarudi chumbani akalala. Akakosa mtihani wa pili na wa tatu. Kurudi nyumbani aliona haya, kwa sababu ya wale kuku na lile debe la mahindi. Akaanza kufanya kibarua cha mjengo karibu na chuo, na mama yake alipompigia simu alijibu, "Naendelea vizuri, mama."

Aliendelea vizuri namna hiyo karibu mwaka mzima. Tulikuja kujua pale msichana mwingine wa parishi yetu alipoitwa chuo hicho hicho. Alikwenda kumtafuta ili amsalimu na kumpa salamu za nyumbani. Jioni alinipigia simu. "Bwana asifiwe, Pasta. Nimeuliza darasani kwao, nimeuliza hosteli aliyokuwa akikaa. Hakuna mtu anayemjua."

Wapenzi, neno hilo halijanitoka moyoni mpaka leo. Hakusema kwamba kijana amepotoka, wala kwamba amelewa au ameingia katika kundi baya. Alisema tu kwamba hakuna mtu anayemjua.

Sasa nieleze kwa nini nilikosea, maana nadhani wengi wetu tunakosea kwa njia ile ile. Mimi nilisoma chuo cha theolojia. Tulikuwa wachache, tukila meza moja. Mtu asipoonekana kwa sala ya asubuhi, kabla ya chai mwenzake amekwisha kubisha mlangoni kuuliza kama ana malaria. Nikadhani chuo kikuu ndivyo kilivyo. Na wazazi wengi hufikiri kwamba chuo kikuu ni shule ya upili iliyoongezwa majengo.

Sivyo hata kidogo. Katika shule ya upili kuna kengele, na kuna mwalimu wa darasa anayeita majina asubuhi. Kuna mwalimu wa bweni, na kuna mwalimu mkuu anayemwandikia mzazi barua. Mtoto akikosekana siku mbili, nyumbani watajua. Chuoni hakuna kengele. Mhadhiri huingia katika ukumbi wenye watu pengine mia tatu, hufundisha saa mbili, hufunga kitabu chake akaenda zake. Hamjui mwanao kwa jina, wala si kwa sababu ni mtu mbaya. Atawajuaje mia tatu? Muhula mzima ni majuma machache tu. Katika vyuo vyetu vingi majaribio ya katikati ya muhula huchukua alama 30 katika mia, na mtihani wa mwisho alama 70. Mtu akipotea majuma sita, muhula umekwisha kumtupa, na hakuna aliyepiga mbiu.

Basi mwanafunzi huishi kwa habari, na habari za chuo hazipiti katika ubao wa matangazo peke yake. Hupita kwa watu. Somo limehamishwa kutoka ukumbi huu kwenda ule; mwakilishi wa darasa ndiye anayejua. Alama za mtihani hazionekani katika rekodi, shida ambayo wanafunzi wetu wa Kenya wanaijua sana. Wa mwaka wa tatu ndiye anayejua ni ofisi gani inayosikiliza na ni ofisi gani ya kukuzungusha. Fomu za mikopo zimefunguliwa. Wa chumba cha jirani amesikia. Bodi ya mikopo, HELB, imekuwako tangu mwaka 1995, na mpaka leo mwanafunzi wa kijijini huelezwa habari zake na mwenzake kabla hajaelezwa na mtu mwingine yeyote. Asiye na mwenzake haelezwi.

Ndiyo maana nasema kwamba kikundi, chama, kwaya, timu ya mpira, si mapambo ya maisha ya chuo. Kwa mtoto aliyetoka mbali ndicho kijiji chake kipya. Ndimo atakamojulikana kwa jina, na siku asipoonekana mtu atasema, "Yule wetu yuko wapi?"

Lakini huenda mzazi akaniuliza, "Pasta, je, umesahau yaliyowapata watoto wa watu?" Sijasahau. Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana, lakini wazee wametusimulia. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, na baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitoka barabarani wakishangilia. Chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wanafunzi walirudishwa vijijini wakawa wanaripoti kwa machifu. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi kilichoitwa SONU, alifungwa miaka 10, naye akafa gerezani mwaka 1988. Novemba 1987 SONU yenyewe ilipigwa marufuku, na viongozi wake wakakamatwa. Mzazi aliyeona hayo akamwambia mtoto wake "usijiunge na chochote" alikuwa na sababu, na simcheki. Alikuwa akitaka mtoto arudi nyumbani akiwa hai.

Tatizo ni kwamba tuliirithi hofu hiyo bila kuipima. Tuliifanya sheria ya kila kikundi na ya kila wakati. Siku hizi chama cha wanafunzi chaitwa kwa majina mengine katika vyuo mbalimbali, na sheria ya mwaka 2016 ilileta utaratibu wa wanafunzi kuchagua wajumbe wa idara zao, kisha wajumbe hao kuwachagua viongozi. Uchaguzi wenyewe bado una fedha nyingi kuliko inavyofaa, na ukabila haujatoka. Kijana akinishauri kuhusu kugombea, humwambia angoje mpaka awe amejua watu na masomo yake yameshika. Lakini simwambii tena kwamba ni dhambi. Ofisi hiyo ndiyo inayokwenda kwa wakubwa wa chuo kusema kwamba maji hayatoki hosteli na kwamba taa za njiani hazifanyi kazi. Mtu aogopaye Mungu akikimbia, taa haziwaki kwa sababu yeye amekimbia.

Tena hofu ya vikundi vya wanafunzi haikuwa ya serikali peke yake. Kanisa pia, na nasema Kanisa letu la Kianglikana, limewahi kuogopa. Mwaka 1941, katika Chuo cha Bishop Tucker kule Mukono, Uganda, wanafunzi walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kuomba pamoja na kushuhudia. Wakuu wa chuo waliwakataza, wakaona ni fujo na kiburi. Wanafunzi hawakukubali, na 26 wakafukuzwa, miongoni mwao William Nagenda. Leo ukiuliza historia ya Uamsho katika Afrika Mashariki, Nagenda huwezi kumpita. Alizunguka nchi nyingi akihubiri. Sisemi kwamba wakuu wa chuo hawakuwa na hoja yoyote, kwa maana ni kweli kwamba vijana wenye moto huweza kuwasumbua wenzao waliolala. Nasema tu kwamba tungekuwa waangalifu kabla ya kuita kila mkutano wa vijana hatari.

Sasa, kuna nini huko chuoni cha kujiunga nacho? Mambo ni mengi, na mwanafunzi mpya huyaona yote katika juma la kwanza la kupokelewa, kila kikundi na meza yake, kila mmoja akiita kama makanga wa matatu. Kuna wenye mijadala na wenye michezo ya kuigiza. Kuna Msalaba Mwekundu, kuna skauti wakubwa, kuna wapanda miti, kuna washauri rika ambao hufunzwa kusikiliza wenzao walio na huzuni. Kuna vyama vya masomo yenyewe: wa sheria wana chao, wa uhandisi wana chao. Kuna timu; mashabiki wa ragbi wanaijua Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Na usidharau michezo ya kuigiza ukidhani ni upuuzi wa jioni. Mwaka 1965 kikundi cha kuigiza kinachosafiri kilianzishwa Makerere, na wanafunzi wakazunguka Uganda na Kenya wakiwachezea watu wa vijijini bila malipo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nyumbani. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya watu uwanjani na kueleweka amejifunza jambo ambalo ukumbi wa mihadhara haukumpa.

Vyama vya watu wa nyumbani, yaani wanafunzi wanaotoka wilaya au kaunti moja, nina neno navyo. Vina faida siku za mwanzo. Vitamwonyesha mgeni njia, vitamkopesha pesa ya chakula, na akifiwa vitamsafirisha. Lakini mtu akikaa humo tu miaka minne, ametoka nyumbani bila kutoka. Na wakati wa uchaguzi, hao ndio hutafutwa kwanza na wenye kununua kura. Mwache mtoto apitie humo, asijenge humo.

Na Umoja wa Wanafunzi Wakristo? Bila shaka ningependa watoto wetu wote wawemo. Karibu kila chuo kina umoja huo, na tangu mwaka 1973 nyingi za jumuiya hizo zimeunganishwa na ushirika uitwao FOCUS. Huko kijana atapata watu wa kuomba nao, na mara nyingi mwanafunzi wa mwaka wa mbele aliyepewa kazi ya kumwangalia. Lakini hapa pia sitawadanganya. Wako vijana wanaoingia katika umoja huo kujificha. Kila jioni ni mkutano, kila Jumamosi ni mkesha, na mtihani ukifika huomba muujiza badala ya kufungua daftari. Wazazi wamechanga ili mtoto asome. Mwenye kuacha masomo kwa ajili ya maombi na mwenye kuyaacha kwa ajili ya dansi watakutana katika orodha moja ya walioanguka.

Fikirini habari za Danieli. Tumezoea kuwahubiria watoto wetu simba na tanuru, tukapita haraka sura ya kwanza, ambayo kwa kweli ni habari ya wanafunzi. Vijana wachache walichukuliwa kutoka kwao, wakapelekwa Babeli wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Wakapewa hata majina mapya. Danieli hakukataa masomo ya wageni. Aliyasoma akawapita wenzake. Alikataa chakula cha mfalme, lakini angalieni namna alivyokataa: alikwenda kwa mtu mwenye madaraka juu yake, akasema naye kwa adabu, akaomba siku kumi za kujaribiwa. Yaani alijua ofisi ya kuingia na jinsi ya kusema humo. Tena hakuwa peke yake. Walikuwako Hanania, Mishaeli na Azaria. Usiku ule mfalme alipotoa amri wenye hekima wote wauawe kwa ajili ya ile ndoto, Danieli alirudi nyumbani akawaambia hao watatu, wakaomba pamoja. Nimejiuliza mara nyingi: lau Danieli angekuwa na mchungaji kama mimi, aliyemwambia asijiunge na mtu, usiku ule angemwambia nani?

Kijana unayenisikiliza, labda wataka nikuambie uchague vingapi. Kwa maoni yangu viwili vyatosha mwaka wa kwanza: kimoja cha kukulisha rohoni, na kimoja cha kazi ya mikono, mwili au akili. Usiandike jina lako kwenye meza zote kumi za juma la kwanza. Ukifanya hivyo simu yako itajaa ujumbe na wewe hutaonekana popote. Hudhuria mara tatu kabla ya kuamua, kwa maana mara ya kwanza kila mahali ni pageni. Tena usingoje cheo. Mwenye kupanga viti hujulikana na watu wengi kuliko katibu.

Kipime kikundi pia. Kikundi cha halali huwa kimeandikishwa katika ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, kina katiba, na kina mlezi ambaye ni mhadhiri au mfanyakazi wa chuo. Uliza mlezi ni nani. Wakikuambia mambo yao ni ya siri, ondoka. Wakikutaka uache kuzungumza na wazazi wako au rafiki zako wa zamani, ondoka, hata kama wanayasema hayo kwa Biblia mkononi. Wakikuomba pesa za mkopo wako ili uzizalishe mara tatu, kimbia. Vikundi vya namna hiyo humpenda sana kijana mpweke, na huyo ndiye niliyekuwa nikimtengeneza mimi kwa mawaidha yangu.

Nanyi wazazi, badilisheni maswali ya simu. Sisi huuliza, "Masomo yaendeleaje?" Jibu lake ni rahisi mno. Hata aliye kwenye mjengo aweza kujibu. Ulizeni, "Umekula na nani leo? Mwakilishi wa darasa lenu aitwa nani? Ukiugua usiku, utabisha mlango wa nani?" Mtoto akikosa jina la kutaja kwa juma moja, si neno, angali mgeni. Akilikosa kwa miezi miwili, funga safari ukamwone, hata kama itakubidi kukopa nauli. Wachungaji wenzangu, vyuo vingi vina kasisi au mchungaji anayewahudumia wanafunzi. Tumwandikie au tumpigie simu kabla mtoto hajafika, tumpe jina lake. Ni kazi ya dakika tano, na mimi sikuifanya.

Mtauliza yule kijana yuko wapi. Tulimfuata, mimi na mama yake. Tulimkuta amevaa viatu vya saruji. Alipotuona alianza kusema "shikamoo" akashindwa kuimaliza, na mama yake akamshika mkono tu bila kumwuliza kitu. Mimi nilimwomba msamaha pale pale mbele ya mafundi, kwa sababu mawaidha yalikuwa yangu. Yule msichana wa parishi alitupeleka kwa mwakilishi wa darasa, ambaye alijua ni ofisi gani na ni barua ya namna gani. Mchungaji wa chuo alikwenda naye. Haikuwa rahisi, wala haikwisha siku moja, lakini aliruhusiwa kurudia mwaka.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Yumo katika kwaya ya umoja wa Wakristo na katika Msalaba Mwekundu. Si mwenyekiti wala katibu. Juzi alikosa mazoezi ya kwaya jioni moja kwa sababu ya homa, na kabla ya saa tatu usiku watu wawili walikuwa mlangoni pake, mmoja na uji katika chupa ya chai.

Mwaka huu parishi yetu inapeleka vijana wanne. Ameniambia atawangoja langoni siku ya kujiandikisha, saa mbili asubuhi, na kwamba waje na picha ndogo za kutosha, nakala za vyeti vyao na kalamu zao wenyewe, maana foleni ni ndefu na kalamu ya kuazima hairudi. Kwaherini, na Bwana awe nanyi.